Kadi za riba sifuri Uingereza: ipi ya kuchukua, ipi ya kuiacha

Haya jamani, karibuni tena. Leo sichambui simu wala spika, nachambua kadi. Wengi wenu mlioko Uingereza mnaniuliza kuhusu kadi za mkopo zinazotangazwa kwa riba ya sifuri, na swali ni lilelile: benki inapata wapi faida? Inapata, subirini tufike.

Kwanza tuzitenganishe, maana watu huzichanganya. Kuna ya kuhamisha deni: kadi mpya inalipa deni la kadi yako ya zamani, halafu unadaiwa na hiyo mpya. Halafu kuna inayokuingizia pesa kwenye akaunti yako ya benki, ukafanyie shida zako. Zote mara nyingi zina ada ya mara moja, na ada hiyo inaongezwa kwenye deni.

Tupige hesabu. Tuseme unadaiwa pauni 2,000 kwenye kadi ya riba ya asilimia 24 kwa mwaka. Riba ya mwezi mmoja tu ni kama pauni 40. Ukihamisha kwa ada ya asilimia 3, ada ni pauni 60, basi. Miezi miwili haijaisha, imesharudi. Ukipewa miezi 20 bila riba, gawa 2,060 kwa 20: pauni 103 kila mwezi na deni limekwisha. Hapo sina ubishi, bidhaa ni nzuri.

Ile ya kuingiziwa pesa naipa alama za chini kidogo. Ada yake kwa kawaida ni kubwa zaidi na muda ni mfupi. Ila overdrafti (ruhusa ya kutumia pesa kuzidi salio la akaunti yako) za benki nyingi huko zinatoza karibu asilimia 40 kwa mwaka! Ukiwa umezama pauni 1,000 mwaka mzima, inakula kama 400. Kuiziba kwa kadi yenye ada ya asilimia 4 ni pauni 40. Kwa kazi hiyo, chukua. Kwa kununulia sofa, hapana. Ukilipia moja kwa moja kwa kadi kitu cha zaidi ya pauni 100 hadi 30,000, kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya mwaka 1974 kinambana mtoa kadi pamoja na muuzaji kama mzigo ni mbovu au haukufika. Pesa ikishapitia kwenye akaunti yako, kinga hiyo huna.

Na tafadhali, msiipeleke kadi hii kwenye ATM. Kutoa pesa pale ni habari nyingine, riba huanza siku hiyohiyo.

Sasa, benki inakula wapi? Fungua taarifa yako ya mwezi, tazama palipoandikwa malipo ya chini kabisa. Kale kakiasi kadogo kanakotia moyo. Ukilipa hako tu, miezi 20 inaisha deni bado limekaa, na riba ya kawaida inaingia. Ukichelewa kulipa hata mara moja, wanaweza kukufutia sifuri yako. Kwa hiyo kadi ikifika tu, panga makato ya kila mwezi ya zile pauni 103, halafu kadi yenyewe iweke kabatini, kwa sababu manunuzi mapya mara nyingi hayamo kwenye ofa.

Kabla ya kuomba: huwezi kuhamisha deni kati ya kadi mbili za benki moja, na ofa nyingi zinataka uhamishe ndani ya siku 60 au 90 tangu ufungue akaunti. Tumia kwanza kile kipimo cha mtandaoni kinachokuonyesha uwezekano wa kukubaliwa bila kuchafua rekodi yako ya mikopo. Halafu soma tangazo taratibu. Likisema "hadi miezi 20", hilo "hadi" lina kazi: unaweza kupewa 12. Gawa upya, 2,060 kwa 12, ni kama pauni 172 kwa mwezi. Mshahara wako ukikataa, usibonyeze.