Unanunua mashine ya gemu Mwanza? Panga hivi

Kabla hujaulizia bei Makoroboi, jiulize pedi ya pili atashika nani. Kama nyumbani kuna wadogo zako na majirani wa Kirumba wanaobishana Simba na Yanga mpaka usiku, unatafuta burudani. Kama utacheza peke yako wengine wamelala, unatafuta sanaa, hata kama hujawahi kuiita hivyo. Mimi natanguliza burudani. Mhakiki wa filamu Roger Ebert aliandika mwaka 2010 kwamba gemu haziwezi kuwa sanaa. Mwaka 2012 makumbusho ya sanaa ya kisasa ya MoMA, New York, yakaingiza gemu 14 kwenye hazina yake, Pac-Man na Tetris zikiwemo. Hizo mbili zilitengenezwa watu wafurahi tu, na bado zikahesabiwa sanaa.

1. PS4 Slim (2016). Inabeba yote mawili. Jioni ni mpira, anayefungwa anatoka, kama kibandani. Usiku weka gemu la Shadow of the Colossus, toleo la 2018: majitu 16 ya kuua, hakuna maadui wengine njiani, na kila moja likianguka muziki unageuka wa msiba hadi unajiuliza lilikukosea nini. Ukilinunua ukitarajia raha ya magoli, utalala mapema.

Ya mtumba usiilipie kabla ya kuicheza nusu saa pale pale dukani. Feni ikianza kunguruma, ndani kuna vumbi au pesti ya kupozea prosesa imekauka. Fundi anaiweza, ila bei ishuke. Achia vijiti vya pedi: mchezaji akiendelea kutembea mwenyewe, hiyo pedi imechoka.

2. PS2 (2000). Vijana wataicheka, lakini ziliuzwa zaidi ya milioni 150, na hilo gemu la majitu lilizaliwa humo mwaka 2005. Kwa bajeti ndogo na watoto wengi, sioni ya kuishinda. Soma kibandiko cha nyuma: iliyotengenezwa kwa soko la Japani inataka volti 100, na soketi zetu zina 230. Ukiichomeka bila transfoma, umeiunguza. Angalia pia kama TV yako bado ina matundu ya AV.

3. Nintendo Switch (2017). Ina betri, kwa hiyo umeme ukikatika au ukiwa kwenye kivuko cha Ukerewe mchezo unaendelea. Ya kawaida, siyo ile ndogo ya Lite, inakuja na pedi mbili ndogo, watu wawili wanaanza siku hiyo hiyo. Shida ni gemu zake: ghali, na mtumba wake ni wa kutafuta sana.

4. Xbox Series S (2020). Haina sehemu ya CD. Kila gemu unapakua, na kubwa zinafika GB 100. Kama nyumbani huna intaneti isiyo na kikomo, bando litakumaliza, na hutaweza kuazimana CD na jirani.