Mchango wa muhula Ujerumani: ninacholipia na ninachopata

Wadogo zangu mnaoniuliza kila mara kama ni kweli Ujerumani watu wanasoma bure: karo hakuna, mchango upo. Na huo mchango wa muhula ndio ninaoutolea hukumu leo, maana kila miezi sita unatoka mfukoni mwangu.

Kwanza tuwekane sawa. Vyuo vingi vya umma havitozi karo hata kwa anayetoka nje ya Ulaya. Jimbo la Baden-Württemberg limejitenga: tangu 2017 linamtoza asiye raia wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich nacho kilianza kutoza, tena kwa viwango vya juu zaidi. Mimi niko mashariki mwa nchi, kwenye chuo kisichotoza, kwa hiyo nalipa mchango tu. Katika vyuo vingi huwa ni euro mia moja na ushei hadi mia tatu na ushei.

Kipande kikubwa cha hela hiyo kinamezwa na tiketi ya usafiri, na wala silalamiki. Vyuo vingi sasa vimeingia kwenye Deutschlandticket, yaani tiketi ya mwezi ya nchi nzima, ambayo mwanafunzi analipia asilimia 60 ya bei ya kawaida. Mwaka 2025, wengine walipokuwa wanalipa euro 58 kwa mwezi, sisi ilikuwa 34.80. Unapanda basi, tramu, treni za mjini na treni za mikoani, nchi nzima, asubuhi mpaka usiku. Treni za kasi hazimo. Berlin hadi Leipzig kwa ICE, yaani treni ya kasi, ni saa moja na robo hivi. Kwa treni za mikoani tenga saa mbili na nusu au zaidi, na ubadilishe njiani. Mimi muda ninao, hela sina, basi tumeelewana. Ila tiketi inakaa kwenye simu, na kondakta hataki kusikia habari za chaji kuisha. Tembea na pawabenki. Nyota tano.

Sasa mensa, yaani kantini ya chuo, na hapa nitakaa kidogo. Haiendeshwi na chuo chenyewe bali na shirika la huduma za wanafunzi. Mashirika hayo yako 57 nchi nzima, na mizizi yake ni miaka ya njaa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia; umoja wao ulianzishwa 1921. Sehemu ya mchango wako inakwenda huko, ndiyo maana kwenye ubao bei zimeandikwa mara tatu: ya mwanafunzi, ya mfanyakazi wa chuo, na ya mgeni. Ukiona mgeni analipa karibu mara mbili yako kwa sahani ileile, utaacha kunung'unika kuhusu mchango.

Kwa euro tatu hivi unashiba. Unachukua trei, unasogea na foleni, mama wa upande wa pili anakupakulia viazi, kisha kabla hujafungua mdomo ameshamwaga mchuzi wa kahawia juu ya kila kitu. Mchuzi huo ndio dini yao. Ladha yake ni chumvi na uvumilivu. Kichupa changu cha pilipili kinaishi kwenye begi pamoja na kalamu, na kimeshazunguka meza nzima zaidi ya mara moja. Wajerumani wanajifanya hawataki, halafu wanaomba. Siku nyingine mlo mkuu wa mchana ni wali wa maziwa, umejaa sukari, mdalasini na cheri. Watu wazima, na vitabu vyao vya sheria pembeni, wanaula kwa utulivu kabisa kama wengine wanavyokula pilau. Mimi hapo huenda kwenye saladi ya kupima kwa uzito, na nawasihi msijaze maharage na viazi humo, maana mizani haina huruma.

Kila chakula kimewekewa alama ya nguruwe, ng'ombe, kuku, samaki au jani la kijani, na hili nawapa heko kubwa. Kuku na ng'ombe kwa kawaida si wa kuchinjwa kihalali, kwa hiyo sisi Waislamu tunazunguka kwenye mboga na samaki. Hatufi njaa, kwa sababu wasiokula nyama ni wengi na karibu kila siku kuna chakula chao. Ramadhani ndipo mensa yetu inaponitupa mkono: saa nane mchana wanafunga, na wakisema saa nane wanamaanisha saa nane. Kifuniko kinashuka juu ya sufuria ukikitazama.

Halafu kuna lisiloandikwa kwenye risiti. Wenyeji hawakualiki nyumbani haraka, lakini "Alhamisi saa sita na robo mensa" ni mwaliko wa kweli, usiupuuze. Mezani pale ndipo nilipoambiwa kwamba chama cha wanafunzi wa idara kinatunza mitihani ya miaka iliyopita na kinawapa wanaoomba. Katika masomo yangu mengi, mtihani mmoja wa mwisho ndio unaobeba alama zote. Hakuna majaribio ya katikati ya kukuokoa, hakuna mwalimu wa kukufuatilia kwa nini hukuja. Alama ya juu ni 1.0, ya kufaulia kwa shida ni 4.0, ukipata mbaya kuliko hiyo unarudia, na marudio yana kikomo. Bila ile mitihani ya zamani ningekuwa nasoma kwa kubahatisha. Nyota nne, ya tano imezama kwenye mchuzi.

Huduma ya ushauri wa kisaikolojia nayo imo, hulipii cha ziada, na watu wetu hawaitumii kwa kuona haya. Desemba jua linazama saa kumi jioni. Chumba kimoja, dirisha moja, mihadhara ya lugha ambayo bado inakuchosha, na nyumbani ukipiga simu unasema "mimi mzima". Nilikwenda. Nilisubiri nafasi wiki kadhaa, na hapo wamepoteza nyota moja, lakini yule mama aliyenisikiliza hakunipa mahubiri. Tulipanga siku yangu, saa kwa saa, kuanzia kutoka nje mchana wakati mwanga ungalipo.

Bweni ni habari nyingine. Kodi yake iko nje ya mchango, na orodha ya wanaosubiri ni ndefu. Omba siku ileile barua ya kukubaliwa inapofika. Nililolipata, la wapi nalihifadhi, lilikuwa safi, joto la kutosha, jiko la pamoja lenye friji iliyogawanywa rafu kwa rafu, nyingine zina kufuli. Kasheshe ni kuhama. Msimamizi wa jengo alikuja na fomu na tochi. Akapitisha kidole ndani ya mikunjo ya mpira wa mlango wa friji, akakitazama kidole, akaandika. Akapiga magoti kuangalia chokaa iliyoganda chini ya bomba la bafuni, akaandika. Chumba nilikuwa nimekisugua siku nzima! Dhamana yangu ilirudi baada ya miezi kadhaa, ikiwa imekatwa "usafi", bila kuelezwa ni usafi upi, na barua pepe zangu mbili zilijibiwa kwa kutumiwa fomu ileile. Nyota mbili, na moja kati ya hizo ni ya joto. Siku ya kuingia pigeni picha kila kona, hasa bafuni, na fomu ya makabidhiano isainiwe mbele yenu.

Mkija msisahau kwamba mchango ni sehemu ndogo tu ya bajeti. Kwa ajili ya viza, kiwango kilichowekwa Septemba 2024 ni euro 11,904 kwenye akaunti maalumu inayokuachia 992 kwa mwezi. Huku mashariki zinatosha ukijibana. Munich chumba pekee kinaweza kumeza zaidi ya nusu. Bima ya afya ni lazima. Kazi inaruhusiwa siku nzima 140 kwa mwaka, au nusu siku 280, ila usiipangie hela hiyo kabla hujaipata.

Na mchango wenyewe ulipeni kabla ya tarehe ya mwisho, namba ya usajili ikiwa imeandikwa sawasawa kwenye maelezo ya malipo. Usipoulipa unafutwa chuoni, na kibali cha kuishi kinasimama juu ya cheti cha kusajiliwa chuoni.