Nilipeleka mvumo wa gurudumu, nikaambiwa niongeze sauti ya redio

Msipeleke gari huko. Ni gereji kubwa eneo la Viwandani, Nairobi, yenye geti la chuma, chai ya maziwa kwa wanaongoja na vijana waliovaa ovaroli safi. Ovaroli zisiwadanganye.

Fielder yangu ilianza kuvuma upande wa mbele. Haikuwa kugonga wala kukwaruza. Ilivuma kama ndege iliyo mbali. Ukiwa kwenye foleni ya Jogoo Road husikii kitu. Ukishika Thika Road na mwendo ukapita kilomita 60 kwa saa, mvumo unaanza, na kadiri unavyokanyaga mafuta ndivyo unavyopanda. Nilikuwa nimeusikiliza vizuri. Nikiweka nyutro gari likiserereka lenyewe, mvumo haukatiki, kwa hiyo si injini. Lami mpya au lami iliyochakaa, ni ule ule, kwa hiyo tairi sikuzishuku sana. Nikikata kona ya kushoto unazidi, nikikata ya kulia unafifia.

Yote hayo nilimweleza mkuu wa mafundi. Hakuingia garini, hakulipeleka hata hadi getini. Alibonyeza boneti kwa mikono miwili, akatazama gari likinesa, akasema shokomzoba zimekwisha. Tena hakuniambia mimi! Alimgeukia mdogo wangu wa kiume, ambaye hata leseni hana, akamweleza yeye. Shokomzoba mbovu hulifanya gari lirukeruke kwenye matuta. Haivumi. Zikawekwa mpya mbili, nikalipa, na kabla sijafika Roysambu mvumo ulikuwa umerudi.

Niliporudi kulalamika, yule mkuu wa mafundi alikuwa akila. Hakuinuka. Alisema, "Mama, hiyo gari imezeeka. Ongeza sauti ya redio uende." Vijana wakacheka.

Nimekuwa nikiyasikia maneno hayo kichwani tangu siku hiyo. Mama yangu hukaa kiti cha mbele cha gari hilo. Mvumo kama huo unaweza kuwa wa beringi, ile pete ya chuma inayoliwezesha gurudumu kuzunguka. Beringi ikisagika mpaka iachie, gurudumu hulegea, na likiwa kwenye mwendo linaweza kukwama au kung'oka. Mtu aliyezeekea gerejini anayajua haya, halafu ananiambia nifungulie redio?

Nilienda Grogan, Barabara ya Kirinyaga, kwa fundi asiye na hata kiti cha kumpa mteja. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Dadangu, leta funguo twende tulisikie." Tulienda hadi Pangani na kurudi, yeye kimya, sikio dirishani. Kisha akapiga jeki, akashika springi kwa mkono mmoja na kuzungusha gurudumu kwa mwingine. Akaniita niweke mkono wangu pale. Springi ya kulia ilikuwa ikitetemeka, unahisi kabisa kitu kinasagika ndani. Ya kushoto ilikuwa imetulia tuli. Akanifafanulia kwamba ukikata kushoto, uzito wa gari huegemea magurudumu ya kulia, basi beringi ya kulia ikiwa mbovu ndipo inapolia. Yaani jibu lilikuwa ndani ya maelezo yangu tangu siku ya kwanza! Beringi ya mbele ya gari hili huingizwa kwa presi, yaani mashine ya kukandamiza, maana ukiipiga nyundo unaiharibu ikiwa mpya. Akaipeleka kwa jirani yake mwenye presi, ikarudi, ikafungwa. Sasa nikifika Ruiru nasikia upepo tu.

Kwa haki ya Mungu, shokomzoba walizoweka wale wa kwanza ni nzuri. Matuta ya mtaani kwetu siyahisi kama zamani, na msichana wa mapokezi alinihudumia kwa heshima tele, akaniomba radhi kwa makosa yasiyo yake. Kwa kubadilisha oili tu, labda ningewarudia. Nilipoanza kuandika nilikuwa nimeamua kuwapa nyota tatu.

Lakini kuchukua pesa za mtu kwa kazi asiyoihitaji, kisha kumcheka mbele ya mdogo wake? Hapana. Nyota moja, na hata oili siwaletei.

Jambo jingine: fundi wa Grogan aliniuliza shokomzoba za zamani ziko wapi, aone kama kweli zilikuwa zimevuja. Sikurudishiwa. Kama mwenye gereji anasoma hapa, zitafutwe. Nitazipitia Jumamosi asubuhi, na risiti ninayo.