Programu ya Kuchora Makabati ya Jikoni: Ipi Uanze Nayo

Jiko la kwanza nililochora kwenye kompyuta lilimfurahisha mteja mpaka akatoa malipo ya kwanza siku hiyo hiyo. Nikaenda kukata. Makabati ya chini yalikuwa matano, kila moja upana wa milimita 600, nami nikakata mbao za chini 600 kamili. Kabati lina mbavu mbili pembeni za bodi ya milimita 18, kwa hiyo ubao wa chini unaokaa kati yake ulitakiwa uwe 564. Nilipounga, kila kabati likatoka 636, na yote matano yakazidi ukuta kwa sentimita 18. Niliyafumua yote, bawaba kwa bawaba.

Tangu hapo naipima programu kwa jambo moja: itanifikisha kwenye orodha ya vipande vya kukata, au itaniachia picha tu?

Kwa kigezo hicho, nafasi ya kwanza naipa SketchUp, programu ya kuchora vitu kwa 3D, na ndiyo ningemshauri fundi yeyote wa Kibuye, hapa Kisumu, aanze nayo. Ile ya bure hufunguka kwenye kivinjari, kwa hiyo inakula bando. Chora kila ubao peke yake, na unene wake wa 18, usichore boksi tupu. Ukifanya hivyo, kosa kama langu unaliona kwenye kioo kabla ya msumeno kuwashwa. Kisha andika vipimo vyako kwenye CutList Optimizer, programu inayopanga vipande vyako kwenye bodi kabla ya kukata, ambayo nayo ina sehemu ya bure yenye mipaka. Iambie bodi yako ni 2440 kwa 1220, yaani futi 8 kwa 4, na msumeno unakula milimita 3. Hiyo milimita 3 si ya kupuuza. Ukipiga hesabu kichwani, vipande vinne vya 610 vinatoshea 2440 sawasawa, lakini mikato mitatu inameza 9, na kipande cha mwisho kinabaki 601. Kama bodi ina mistari ya mbao, izuie pia isigeuze vipande, la sivyo mlango mmoja utakuwa na mistari ya kulala na mwenzake ya kusimama.

SketchUp Pro, ya kulipia, huwekwa kwenye kompyuta na inakubali OpenCutList, nyongeza ya bure inayotoa orodha moja kwa moja kutoka kwenye mchoro. Ni nzuri sana, lakini ada ni ya kila mwaka. Subiri mpaka kazi za majiko zikufuate mwezi baada ya mwezi.

Ya pili ni Sweet Home 3D, hasa kwa mwenye nyumba anayekarabati. Ni ya bure kabisa, na ukishaiweka haihitaji intaneti. Unaweka picha ya ramani ya nyumba, unafuatisha kuta, unapanga vyombo. Mama mmoja wa Mamboleo aliniuliza, "Fundi, mlango wa friji utafunguka kweli hapo?" Tukaiweka friji kwa vipimo vyake, tukaona mbele yake panabaki sentimita 55 na mlango wenyewe ni 60. Tukahamisha friji kabla hata tofali moja halijaguswa. Orodha ya kukata, hata hivyo, haikupi.

Planner 5D naiweka ya tatu. Inafanya kazi kwenye simu na inafaa kukubaliana rangi na mteja, ila vitu vingi vimefungwa mpaka ulipe. Mimi sikati bodi kwa kuitegemea.

Cabinet Vision na Mozaik ni za karakana kubwa zenye mashine za CNC, yaani zinazokata kwa kuongozwa na kompyuta. Kama bado unapeleka bodi kukatiwa mjini, pesa hiyo nunulia bawaba nzuri.

Na yoyote utakayochagua, pima ukuta mara tatu: chini sakafuni, usawa wa kaunta, na juu kwenye makabati ya ukutani. Plasta zetu hazinyooki. Kipimo kidogo kuliko vyote ndicho cha kuingiza kwenye programu.