TAHADHARI: "Kaka" wa Columbus anayeuza matrela ya kulala, bafu likiwa limezibwa jana yake

Ndugu zangu mlioko Ohio na majimbo ya jirani, hasa wauguzi wenzangu tunaohamahama na mikataba ya wiki 13: kuna mtu anauza matrela ya kulala kwenye magrupu yetu ya WhatsApp. Kiswahili chake safi, kila mwanamke kwake ni "dada yangu", na bei anasema ni ya kidugu. Mimi nimeshapigwa. Jina silitaji, maana hata lile alilonipa nimekuja kugundua si lake, na namba za simu anabadilisha kama soksi. Nitaeleza anavyofanya, mumtambue kwa kazi ya mikono yake.

Nilichoka kulipa kodi ya chumba kipya kila baada ya miezi mitatu. Tangazo likasema trela la mwaka 2009, futi 24, dola 6,500, "bafu limekarabatiwa". Nikaenda kuliona mwezi wa pili, theluji imefika kwenye magurudumu. Ndani pamefagiliwa, pametandikwa, na kumefukizwa udi. Mimi mtu wa Tanga, nikalegea palepale mlangoni. Bafuni mna beseni dogo la kuogea, yale ya plastiki nyembamba, na ukingo wake wote umezungushiwa silikoni nyeupe pee, imenyooka kama imepigwa rula. Nikasema moyoni, huyu anaitunza mali yake.

Nikamwomba afungue maji. Akacheka. "Dada yangu, baridi hii? Mabomba yatapasuka. Maji yote nimeyamwaga, nimeweka dawa ya kuzuia kuganda." Hapo hakudanganya. Huku wenye matrela hufanya hivyo kabla ya msimu wa baridi, na ile dawa ya rangi ya waridi niliiona mwenyewe kwenye tundu la sinki. Ndiyo maana mtego wake unanasa: anauza miezi ambayo mnunuzi hana namna ya kupima maji, na sababu anayo ya kweli. Na ule udi nimekuja kuuelewa baadaye. Silikoni nyingi za bafuni hunuka siki zikiwa mbichi, harufu inaondoka zikishakauka. Aliziba jana yake, au asubuhi ileile.

Pesa aliitaka kwa Zelle, ile ya kutumiana pesa kwa simu kutoka benki, hapohapo, kwa sababu "kuna Mkongo mmoja anakuja saa kumi kulichukua". Mkongo hakuwepo. Nikatuma.

Mwezi wa nne nikiwa Kentucky nikaanza kuoga humo. Wiki ya pili natoka kwenye beseni, kisigino kikazama sakafuni kama nimekanyaga mkate. Jirani yangu kambini, mzee aliyefanya kazi za ujenzi maisha yake yote, akaja na kikwaruzo cha plastiki akaanza kubandua. Ile nyeupe ilitoka yote kwa mvuto mmoja, ndefu kama utambi. Chini yake silikoni ya zamani, nyeusi kwa ukungu. Chini yake gundi ya wapaka rangi, imepasukapasuka. Chini kabisa lile povu la kopo linalovimba. Tabaka nne, kila mwenye trela kaongeza lake! Silikoni mpya haishiki juu ya silikoni ya zamani. Inakaa tu, inapendeza kwenye picha, na maji yanapita nyuma yake.

Pengo lenyewe lilikuwa linaingiza kidole. Mzee akaniambia niingie ndani ya beseni nisimame, nikaona kwa macho yangu ukingo unashuka na pengo linazidi kufunguka. Beseni halikuwa limeegemezwa kitu chochote chini. Kila ulipokanyaga lilibonyea, na trela likiwa barabarani linatikisika kutwa nzima, sasa silikoni gani itahimili? Tukafungua sakafu. Chipbodi ilivurugika mkononi kama machicha ya nazi, na shuka la plastiki lililofunika tumbo la trela kwa chini lilikuwa limebeba maji, limening'inia. Maji hayo hayakuwa yangu peke yangu. Uozo wa namna ile ni wa miaka.

Kazi aliyonifanyia mzee ilikuwa ya siku tatu, na naieleza kwa sababu ndiyo mtakayotumia kumuuliza muuzaji. Tulikata mbao zilizooza tukaweka plaiwudi mpya. Tukaegemeza beseni kwa chini hadi likaacha kubonyea. Silikoni yote ya zamani ikakwaruliwa, hata utando usioonekana, kisha ukingo ukafutwa kwa spiriti. Penye pengo linalozidi robo inchi tukashindilia kwanza kamba ya povu. Halafu akajaza maji kwenye beseni kabla ya kuziba, nikadhani mzee kachanganyikiwa. Kumbe uzito wa maji unalishusha beseni hadi mwisho wake, unaziba likiwa limeshuka, na maji unayaacha humo siku nzima silikoni ikauke. Vifaa na mbao vilinigharimu dola 740. Yeye mwenyewe alikataa malipo, akakubali maandazi.

Nilimwandikia muuzaji, nikamtumia picha. Tiki mbili za bluu. Kesho yake: "Dada, ulinunua kama lilivyo, karatasi ulisaini." Kisha akanifungia.

Nikafikiria mahakama ya madai madogo, ambayo Ohio hupokea madai hadi dola 6,000. Nikachukua hati ya umiliki wa trela nipate jina lake kamili. Jina lake halimo. Ohio saini ya muuzaji kwenye hati lazima ishuhudiwe na notari, yaani ofisa wa kuthibitisha saini, na hii ilikuwa imeshasainiwa na mwenye trela wa kabla yake, mtu nisiyemfahamu, na kushuhudiwa siku kaka yetu alipolinunua. Yeye hakuwahi kuihamishia kwenye jina lake. Kwa karatasi, mimi nimenunua kwa mtu ambaye sijawahi kumwona, na aliyekula pesa yangu hayupo. Huo ni mchezo uliokatazwa kisheria, lakini mimi siku ile niliangalia tu kama namba ya chasisi inalingana.

Kwa hiyo ukienda kuona trela lake, au la yeyote, mwambie aliyeshika hati akuonyeshe kitambulisho chenye jina hilohilo. Piga magoti bafuni, bonyeza sakafu kwa kidole gumba kandokando ya beseni, uingie ndani ya beseni na viatu vyako usimame. Chungulia chini ya trela uone kama kuna tumbo lililoning'inia. Kipima unyevu cha mbao hakigharimu pesa nyingi, na kikisoma zaidi ya asilimia 20, rudi kwenye gari lako. Ukikuta silikoni mpya kwenye trela la zamani, muulize alikuta nini chini yake, na picha za kabla ziko wapi. Fundi wa kweli anazo, tena atakuonyesha bila kuombwa.

Jana usiku limewekwa tangazo jingine kwenye grupu la Indianapolis. Namba mpya, jina jipya, trela la 2011, "bafu limekarabatiwa". Pazia la kwenye picha ya tatu ni lilelile la maua ya bluu nililoliona siku ile. Aliling'oa kabla sijaondoka, akasema ni la mke wake.