Ukikokota karavani, nunua ramani isiyokubadilishia njia

Aprili nilikwama katikati ya majani chai, upande wa Chepseon, na karavani, ile trela ya kulala ndani, ya mita tano na nusu nyuma ya gari. Nilikuwa nimetoka Nakuru asubuhi kwenda Kisumu kupitia Mau Summit na Kericho, barabara ninayoijua. Kifaa cha GPS cha inchi saba, nilichokinunua mjini kwa shilingi 14,500, kikatoa mlio mdogo: kimepata njia ya kuokoa dakika kumi na moja. Hakikuniuliza. Mstari wa zambarau ulihama tu kwenye lami, nami nikaufuata kama kondoo.

Kilomita tatu mbele, barabara ya vumbi ilikuwa imebaki upana wa pikipiki mbili na mvua imeanza. Mzee aliyejifunika gunia kichwani akagonga dirisha. "Mama, hii inaishia mtoni. Daraja ni la magogo."

Ukiwa na gari peke yake, unageuza na kurudi, mwisho wa habari. Ukiwa na trela, kurudi nyuma ni kazi ya kinyume: usukani kulia, trela inakwenda kushoto, na ukichelewa kidogo kurekebisha inajikunja mpaka kona yake inataka kuingia kwenye taa ya nyuma. Palikuwa na mtaro huku na chai kule. Ilibidi tuifungue karavani na kuigeuza kwa mikono: vijana sita wa boda, shilingi 1,500, saa mbili, na lile gurudumu dogo la mbele la karavani limezama matopeni hadi kwenye nati. Kifaa chenyewe muda wote kilikuwa kinaniambia nigeuze gari.

Kwa hiyo hapa sitazungumzia ukubwa wa skrini, Bluetooth wala kamera ya nyuma. Hayo yameandikwa kwenye boksi. Swali langu ni moja: ukipitiliza kona, au kifaa kikidhani kimepata njia bora, kinafanya nini? Kwa mwenye gari dogo ni jambo la dakika tano. Kwa anayekokota, ndipo safari nzima inapoharibikia.

Kuna namna ya kukijaribu kabla hujalipa. Ukiwa Nakuru, mwambie muuzaji muingie garini, bila trela, muweke Njoro kama mwisho wa safari. Mkifika njia panda ya Njoro, usikate. Nyoosha na barabara kuu kuelekea Salgaa, na umtazame msaidizi wako mpya. Kizuri kitanyamaza, au kitakuuliza kama unataka njia nyingine. Kibaya kitakuamuru ugeuke papo hapo mbele ya malori, au kitakutafutia kichochoro cha kwanza chenye jina kwenye ramani. Muuzaji akikataa kutoka nawe, umeshapata jibu.

Namba moja kwangu ni OsmAnd, na sijifichi, naipendelea. Ni programu ya simu au kishikwambi inayotumia ramani za OpenStreetMap, zile zinazochorwa na watu wa kujitolea. Toleo la bure linakuruhusu kupakua ramani saba, na ya Kenya ni moja tu ya hizo, kwa hiyo huhitaji kulipa ili uanze. Inafanya kazi bila intaneti. Lakini sababu yangu imejificha ndani ya mipangilio: unaweza kuzima kabisa ile tabia ya kukokotoa njia upya ukitoka kwenye mstari, au kuweka umbali ambao ni lazima uwe umepotea kabla haijajishughulisha. Nilipoizima niliona kama nimemfunga mdomo shemeji mjuaji. Njia niliyoipanga jioni mezani ndiyo ninayoipita kesho yake.

Ndani yake kuna pia wasifu wa lori. Unaingiza kimo, upana, urefu na uzito, ukihesabu gari na trela pamoja, kisha unaiambia ikwepe barabara zisizo na lami. Kabla hujaondoka, fungua maelezo ya njia: inakuonyesha sehemu zenye lami na zenye changarawe, na mchoro wa milima na mabonde. Huo mchoro usiupuuze. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari na Mau Summit inazidi 2,400, na tofauti hiyo yote utailipa kwa breki. Ukitoka Eldoret kwenda Kisumu, njia ya Nandi Hills kushukia Chemelil inaonekana tamu kwenye ramani. Mchoro utakuonyesha mstari unaoporomoka. Mimi hupita Kapsabet na Chavakali, gia ndogo kuanzia juu kabisa, si baada ya breki kuanza kunuka.

Kasoro ni kwamba programu inajua tu kile ambacho mtu amekiandika kwenye ramani. Kimo cha madaraja ya juu na nyaya za vijijini kwetu mara nyingi hakijaandikwa na yeyote. Karavani yangu ina kimo cha mita 2.6, nimeandika kwa kalamu nene juu ya usukani, na nikiona waya umelegea nasimama nishuke nitazame.

Namba mbili ni GPS ya Garmin, ile ya karavani au ya malori. Hii ni mashine ya kazi: haichoki na jua la dashibodi kama simu, ambayo ikipata joto sana inazimika ukiwa Ahero. Unaingiza vipimo vya trela, na unaweza kuikataza kukupa barabara za vumbi na hata kukuambia ugeuze gari. Hilo la mwisho peke yake linanifanya niiheshimu. Ila soma boksi. Toleo la karavani liitwalo Camper huja na ramani za Ulaya, liitwalo RV na za Marekani Kaskazini, kwa hiyo ya Afrika unainunua kando. Tracks4Africa ndiyo wengi wa huku wanaiweka. Na ile akili ya kimo na uzito inafanya kazi pale tu ramani yenyewe inapobeba vizuizi hivyo. Muuzaji atakayekuambia "hii inajua trela, mama" kabla ya kukuonyesha ramani ya Kenya ikifunguka, muage.

Google Maps naiweka ya tatu, kama mtu wa kuuliza habari. Foleni ya Kondele, pale Kisumu, utaijua mapema, na unaweza kupakua eneo kabla ya kuondoka. Lakini haina mahali pa kuandika kwamba unakokota kitu, na ikipata njia ya haraka huweza kukuhamishia usipoikataa. Mimi humpa mume wangu simu hiyo aishike, mbali na macho yangu. Waze, programu nyingine ya simu, ina kitufe cha kukataa barabara za vumbi, jambo zuri, ila bando likiisha au mtandao ukikatika huna ramani mpya.

Za bei rahisi? Organic Maps ni bure, haihitaji intaneti, na inaweza kukwepa vumbi. Vile vifaa vya inchi saba visivyo na jina, hapana.

Ninachokasirikia ni bei. GPS hiyo hiyo isiyo na jina, boksi hilo hilo, nimeikuta Nairobi kwa shilingi 9,000. Nilipomuuliza muuzaji wa Nakuru tofauti ni ya nini akasema nauli. Nauli ya boksi la gramu mia nne! Kwanza aliniuliza bwana yuko wapi, kana kwamba trela inavutwa na pete ya ndoa.

Nilikirudisha wiki iliyofuata, na matope ya Chepseon bado kwenye waya wake. Pesa hakurudisha. Alinipa kishikio cha simu cha kubandika kwenye kioo, akaniambia ni zawadi ya mteja. Kilibanduka jua la saa saba, hata Salgaa sijafika.