Klipu zenye kamba za kava la nguzo ya mbele: uzoefu wangu kwenye magari yenye eabegi ya pazia

Kazi yangu iko ndani ya gari: dari, viti, mazulia, plastiki za milango na za nguzo. Klipu ninazozieleza hapa nimezifunga na kuzifungua sana, na nimeyaona magari yaliyopata ajali zikiwa zimefungwa sawasawa, na mengine ambayo mtu alikuwa ameweka kitu kingine mahali pake. Ni zile zinazoshika kava la nguzo ya mbele, ile plastiki inayopanda kandokando ya kioo cha mbele mpaka darini. Za kiwandani zina vipande viwili vilivyounganishwa kwa kamba fupi ya plastiki. Hukumu yangu naitoa mapema: ni kitu kidogo kilichobuniwa kwa akili kubwa, na klipu za pakiti za mchanganyiko zinazodaiwa kufaa magari yote hazina nafasi kwenye nguzo hiyo.

Ili uone kwa nini nasema hivyo, fikiria kinachotokea nyuma ya plastiki hiyo. Eabegi ya pazia hukunjwa ikawa nyembamba na kulazwa juu ya milango, ndani ya ukingo wa dari, ikianzia karibu na nguzo ya mbele kwenda nyuma. Gari likigongwa ubavuni, mfuko huo hujaa gesi na kuteremka kufunika madirisha kwa muda wa milisekunde 20 hadi 30 hivi. Hakuna mtu anayeweza hata kupepesa jicho kwa muda huo. Mfuko hauna mlango wa kufunguliwa. Unajipenyezea wenyewe, ukisukuma ukingo wa dari na kichwa cha kava la nguzo ili upate upenyo wa kutokea.

Sasa kava likikazwa lisisogee kabisa, mfuko unaweza kunaswa nyuma yake, ukachelewa au ukafunguka upande mmoja. Likiachia lote, linageuka kipande cha plastiki ngumu kinachoruka ndani ya gari, na kilicho karibu nacho zaidi ni uso wa dereva au wa abiria wa mbele. Klipu inatakiwa iachie na papo hapo ishikilie. Ndiyo kazi ya ile kamba. Msukumo ukija, kichwa cha klipu kinachomoka kwenye kikalio chake, kava linasogea kadiri ya upana wa kidole, kamba inakaza na mwendo unaishia hapo, mithili ya mbuzi aliyefungwa kigingini.

Nimepata kufungua gari lililogongwa ubavuni likiwa na klipu zake za asili. Pazia lilikuwa limeshuka lote, na kava la nguzo lilikuwa limejitenga na bati, likining'inia kwenye kamba yake, zima, bila ufa. Gari jingine lilikuwa limepigwa skrubu kupitia plastiki, kazi ya mtu aliyelishughulikia kabla yangu. Kava lilikuwa limepasuka kuzunguka skrubu, kipande cha juu nikakikuta kwenye kiti cha dereva, na ncha zake zilikuwa kali. Tangu hapo sina mjadala na mteja kuhusu skrubu kwenye nguzo. Naichomoa, natafuta klipu yake, na kava lililotobolewa nalibadilisha.

Naelewa mazoea hayo yalikotoka. Eabegi za kukinga kichwa ubavuni ni za juzi tu: BMW ilileta ya kwanza ya umbo la bomba mwaka 1997, na Volvo ikaja na pazia lenyewe kwenye S80 mwaka 1998. Aliyejifunza kazi kwenye magari ya kabla ya hapo alijua kava la nguzo ni pambo la kuficha bati na waya, na klipu yoyote inayoingia tunduni ilitosha. Gari limebadilika, mkono haujabadilika.

Kuzifunga hizi za kamba ni raha ukishazizoea. Unaanza kwa kutoa waya wa betri na kusubiri umeme uliobaki kwenye mfumo wa eabegi uishe. Toyota hutaka angalau sekunde 90, Honda dakika 3. Mimi husubiri zaidi, maana hakuna kazi ya dari inayoharibika kwa kusubiri. Kikalio cha klipu kinaingia kwenye tundu la bati, kichwa kinaingia kwenye reli iliyo mgongoni mwa kava, kisha unasukuma kwa kiganja mpaka usikie mlio mmoja mkavu. Usiposikia mlio huo, usijidanganye kwamba imeingia. Kava lililokaa vizuri halilii barabarani na halina mwanya pale linapokutana na dari.

Kuzifungua ndiko kunakohitaji subira. Ukilivuta kava litachomoka hatua ya kwanza halafu litakataa. Wengi wanadhani limekwama na wanaongeza nguvu, na hapo kamba inakatika. Ingiza mkono nyuma ya kava. Kwa klipu nyingi unakishika kichwa kwa koleo yenye mdomo mrefu na kukizungusha robo mzunguko, kitatoka chenyewe. Nyingine zina ulimi wa kubonyeza. Kila gari lina mtindo wake, kwa hiyo mwongozo wa ukarabati wa gari lenyewe ni lazima uwe karibu.

Watengenezaji kadhaa wanasema klipu ya namna hii ikishatolewa isirudishwe, iwekwe mpya. Nilipozilinganisha niliona sababu. Iliyotolewa huwa imechubuka meno na kamba imepata mkunjo mweupe pale ilipovutwa. Ukiitazama kwa haraka ni nzima. Lakini ule mkunjo mweupe ni plastiki iliyokwisha kunyooshwa kupita kiasi, na nguvu itakayokuja siku ya ajali haitakuwa ya mkono wa fundi. Tena nguzo ya mbele hukaa juani kutwa nzima. Klipu ya miaka mingi ukiibinya kwa vidole mara nyingine inavunjika kama kijiti kikavu, na kwenye baridi kali plastiki iliyochoka ni dhaifu zaidi.

Zile za pakiti za mchanganyiko nimezijaribu mezani, kwenye kava bovu na kipande cha bati chenye tundu la kipimo kilekile, nikivuta kwa mkono. Zile zenye umbo la msumari wa plastiki wenye meno ziliachia moja kwa moja, kava likanibakia mkononi. Zile za chuma cha springi zilishika mno, na kilichokubali kwanza kilikuwa plastiki ya kava, iliyong'oka kwenye kikalio. Zile za asili zilisogea, zikasimama, na nilipozidi kuvuta bado zilisimama. Mkono wangu haulingani na gesi ya eabegi, wala sidai jaribio hilo linatosha kupima usalama. Lilitosha kunionyesha kwamba vitu hivi vitatu havifanyi kazi moja.

Gundi, silikoni na utepe wa kunata pande mbili ni vibaya vilevile, maana vinalifanya kava kuwa sehemu ya bati. Skrubu ina hatari ya ziada: ncha yake inaweza kufika kwenye mfuko uliokunjwa au kwenye waya wake, na huwezi kujua mpaka mfuko uhitajike.

Na uzito wa jambo hili si wa milisekunde za mwanzo tu. Kanuni ya Marekani namba 226, iliyotolewa mwaka 2011, inahusu watu kurushwa nje ya dirisha, hasa gari linapopinduka. Katika majaribio yake kichwa bandia cha kilo 18 kinarushwa kwenye dirisha lililofunikwa na pazia, na hakiruhusiwi kuvuka milimita 100 nje ya pale kioo kilipokuwa. Kipimo hufanyika sekunde 1.5 baada ya mfuko kufunguka, na kingine sekunde 6. Pazia lililonaswa nyuma ya kava haliwezi kukaa mahali pake kwa muda huo.

Malalamiko ninayo. Klipu nyingi zinakuja kwenye mfuko mtupu wenye namba tu, bila mchoro wa kuonyesha upande gani unatazama juu, na ukiigeuza kamba inajikunja nyuma ya kava. Kuna zinazofanana kwa sura na rangi lakini zinatofautiana urefu wa kamba, na urefu huo ndio unaoamua kava litasogea kiasi gani. Kwa hiyo usinunue kwa kulinganisha kwa macho. Toa namba ya chesisi utafutiwe namba kamili ya kipuri. Ningependa watengenezaji wachapishe onyo dogo kwenye klipu yenyewe kwamba ni ya kutumika mara moja. Maandishi ya eabegi yaliyo kwenye kava husomwa na abiria, lakini anayeshika klipu mkononi haambiwi chochote.

Neno moja kwa wanaofunga kamera za dashibodi, maana magari mengi ninayokuta klipu zimevunjwa yalifunguliwa kwa ajili ya waya wa kamera. Waya usipite juu ya uso wa mfuko, yaani kati ya mfuko na kava. Upitishe nyuma ya mfuko, uufunge pamoja na mkongo wa nyaya uliokuwapo tangu kiwandani, na kabla hujalirudisha kava uwe na klipu mpya mkononi.